Kigoma na Ujiji: Cherehani ya bibi haiuzwi kwa kilo

Msafiri anayeteremka stesheni ya Kigoma amefika mwisho wa Reli ya Kati. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika. Nyuma yake ni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na bidhaa nyingi anazoziona madukani zimesafiri umbali huohuo. Ndiyo sababu huku mashine kuukuu haitupwi haraka.

Kilomita chache kutoka hapo ni Ujiji. Wageni wengi huenda kuona kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kisha hurudi zao. Anayetembea taratibu kwenye mitaa ya mji huo mkongwe atasikia sauti ya cherehani barazani. Ni mashine nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, rangi imefutika pale mkono unapopita kila siku, na mara nyingi aliyeketi mbele yake aliirithi. Humo hutoka magauni ya vitenge, na Januari ikifika, sare za shule. Ikisimama wiki moja mwezi huo, nyumba nzima huona tofauti kwenye chungu.

Je, inapoharibika, spea hupatikana wapi? Jibu hutegemea kilichomo tumboni mwa mashine. Singer ya aina ya 15, yenye bobini ya mviringo, iliigwa na viwanda vingi duniani, vikiwemo vya China vinavyotoa cherehani ya Butterfly. Kwa hiyo bobini, sindano na hata kikombe kinachoshika bobini vya mashine mpya mara nyingi huingia kwenye ile kuukuu. Mwenye mashine ya namna hiyo hana haja ya kukata tamaa.

Taabu ipo kwa Singer za zamani zaidi, zile ambazo bobini yake ni ndefu na nyembamba, nayo hukaa ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi kinachokwenda mbele na nyuma. Sindano yake bado ipo madukani, lakini kile kimtumbwi hakiingiliani na cha Butterfly. Kikipotea au kikilika ncha, tumaini kubwa ni mashine nyingine ya aina ileile iliyokwisha kufa. Ndiyo maana kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu cherehani mbovu kwa kilo ni hasara kuliko inavyoonekana. Mashine iliyokufa ndiyo duka la spea la iliyo hai.

Kuna kingine kinachookoa mashine, nacho ni mafuta. Ushahidi wake mkubwa uko bandarini Kigoma, na jina lake ni Liemba. Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma. Iliingia majini Februari 1915 ikiitwa Goetzen. Julai 1916, vita ilipowaelemea Wajerumani, wahandisi waliamriwa kuizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kufanya hivyo, walizipaka injini grisi nzito.

Waingereza walipoiibua mwaka 1924, walikuta injini na boila zake bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli. Baadaye ilisimama tena kwa miaka kadhaa, na mwaka 2023 ulisainiwa mkataba wa ukarabati mkubwa na kampuni ya Brodosplit ya Kroatia. Injini zimebadilishwa, jina limebadilishwa, lakini bodi ni ileile.

Cherehani nayo hupimwa hivyo. Kama bodi ya chuma haijapasuka na mhimili mkuu unazunguka, inafaa kutengenezwa. Mkanda wa ngozi, springi ya kukaza uzi na meno yanayovuta kitambaa hubadilishwa. Iliyoganda kwa kukaa stoo huoshwa kwa mafuta ya taa, ikazungushwa kwa mkono polepole bila kulazimishwa, kisha ikatiwa mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwani hukauka na kuwa kama gundi. Lakini bodi ikishapasuka, afadhali mashine hiyo iwe ya kutolea spea.

Anayetafuta kipuri asieleze kwa mdomo tu. Akifungue kile kibovu na kukipeleka dukani mkononi. Kikikosekana Kigoma, apige picha ya kipuri na ya namba iliyogongwa kwenye bodi, amtumie ndugu aliyeko Dar es Salaam aulizie Kariakoo. Namba hiyo hueleza aina ya mashine na mwaka iliotengenezwa, na humwepusha mtu kulipia usafiri wa kitu kisichoingia.

Na yule ambaye kwake hakuna anayeshona kwa sasa, lakini cherehani ya bibi imo stoo, aitie mafuta kabla ya kuifunika. Wale wahandisi wa Goetzen hawakujua nani angeiwasha tena meli yao. Grisi waliipaka hivyohivyo.