Pesa ya Muziki Ilivyohamia Mlangoni

Zamani mtu wa Dar es Salaam akitaka muziki kwenye gari alianzia kwenye redio. Alikwenda Kariakoo, akasimama mbele ya kabati la kioo, akachagua ile yenye taa nyingi na namba kubwa ya wati, na kilichobaki mfukoni ndicho kilichonunua spika. Waya hakuna aliyeuhesabu. Fundi alikuja nao, wowote aliokuwa nao siku hiyo. Mwandishi wa kumbukumbu hii amekulia katika utaratibu huo, na leo anapopanga muziki wa Toyota IST yake kwa laki tatu, orodha imegeuka kichwa chini miguu juu. Redio imekuwa ya mwisho. Pesa ya kwanza imeingia mlangoni.

Utaratibu wa zamani ulikuwa na sababu zake, na haifai kuudharau. Corolla DX ya baba yake ilikuwa na redio iliyokamata masafa ya kati tu: Radio Tanzania Dar es Salaam, taarifa ya habari, salamu, matangazo ya vifo. Kanda ya kaseti Philips walikuwa wameionyesha Berlin tangu 1963, lakini kwenye familia hii kaseti iliingia garini kwa kuchelewa sana, na ilipoingia ilibadilisha safari nzima. Nyimbo za bendi za Sikinde na Msondo hazikusubiri tena mtangazaji. Kalamu ya Bic ilikaa kwenye droo ya dashibodi kwa ajili ya kukazia kanda iliyolegea, pamoja na pamba na spiriti za kusafishia kichwa cha redio. Wakati huo, kununua redio kulikuwa kununua muziki wenyewe, kwa hiyo ilistahili kula pesa yote.

Spika zilikuwa mbili tu, za umbo la yai, inchi 6 kwa 9, zimechomekwa kwenye ubao wa nyuma ya kiti, chini ya kioo. Hazikuwa za gharama. Lakini zilikuwa na besi, na besi hiyo watu waliisifia redio.

Aliyestahili sifa ni buti. Spika inapoisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta kwa nguvu ileile. Sauti hizo mbili zikikutana, za chini zinauana, kama watu wawili wanaosukuma meza moja kutoka pande mbili na meza ikabaki palepale. Kwenye Corolla, upande wa nyuma wa spika ulifungiwa ndani ya buti, na upande wa mbele ukabaki na abiria. Kila mwenye gari la buti alikuwa amepewa boksi la spika bure pasipo kujua.

Kisha magari yakabadilika. Vitz, IST, Passo na mengineyo yalifika bandarini kutoka Japani kwa wingi, yakiwa mafupi, ya mafuta kidogo, yasiyo na buti lililojitenga. Mlango wa nyuma ukifunguliwa unaona hadi kiti cha dereva. Ule ubao wa spika za umbo la yai haukuwepo tena. Kilichobaki ni matundu ya milangoni. Kwa muda mrefu hata hivyo hakuna aliyeutazama mlango, kwa sababu redio za Kijapani zilikuwa na matatizo yake yaliyopiga kelele zaidi.

Tatizo la kwanza ni FM. Redio ya Japani ilitengenezwa kusoma kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni za huku zimesambaa kutoka 88 hadi 108. Mafundi wakaleta kile kidude kinachokaa kati ya antena na redio na kushusha masafa: kikishusha kwa 20, stesheni ya 98 unaikuta kwenye 78, na inakubidi uzikariri. Tatizo la pili ni maandishi, yote ya Kijapani. La tatu ndilo lililowatia watu hasara: ukichomoa betri, baadhi ya redio zile za ramani zinajifunga na kudai namba ya siri, au diski, au kadi iliyobaki Japani. Ndiyo maana watu wengi waliona afadhali kung'oa kila kitu na kuweka redio ya kioo kikubwa ya Android. Pesa ikaishia tena pale pale, katikati ya dashibodi.

Mwandishi naye alikuwa na njia hiyo mbele yake. Laki tatu zingetosha redio ya kioo na fremu yake, kwa kuwa tundu la Toyota nyingi lina upana wa milimita 200 na redio za kawaida zina 180, hivyo pembeni huziba plastiki. Zingetosha redio, na muziki ungebaki uleule.

Kilichomfanya asite ni hesabu ndogo ya wati. Kwenye boksi la karibu kila redio ya gari kuna maandishi ya wati 50 mara 4. Injini ikiwaka, umeme wa gari unakuwa kama volti 14.4. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa omu 4 za spika, unapata 52. Hapo ndipo ile 50 ilipotoka. Lakini huo ni umeme uliosukumwa hadi mwisho, sauti ikiwa tayari imepasuka. Muziki safi hauwezi kupata zaidi ya nusu yake, na ukitoa kinachopotea njiani unabaki na wati 18 au 20 kwa kila spika. Redio ya bei ndogo na redio ya bei kubwa, zote zisizo na kifaa maalumu cha kupandisha volti ndani yake, zimefungwa na betri ileile. Tofauti unayolipia iko kwenye kioo, kwenye vitufe, kwenye ramani. Vizuri kuwa navyo, ila sikio halivisikii.

Na muziki wenyewe ulikuwa umeshahamia kwenye simu. Kinachohitajika ni namna ya kuutoa kwenye simu hadi kwenye spika. Kwa kuanzia alichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kile kidude kinachopokea Bluetooth na kurusha kwa FM. Kwa redio ya Japani kinafanya kazi kwenye kipande kidogo tu, kati ya 87.5 na 90, na FM hukata sauti nyembamba kabisa za juu. Si suluhisho la kudumu. Lakini kiliihamisha redio kutoka juu ya orodha, na kikaacha karibu laki tatu nzima kwa kazi nyingine.

Fundi wa eneo la Gerezani aliyepelekewa gari hakugusa dashibodi. Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe. "Bosi," alisema, "mlango huu unavuja. Weka spika ya milioni, sauti itatokea huku iingilie huku." Akang'oa plastiki ya ndani. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyokwisha kubanduka, na nyuma ya nailoni matundu makubwa ambayo mkono mzima unapita kufikia mashine ya kioo. Spika ya kiwandani, ya karatasi nyepesi, ilikuwa inapumua kupitia matundu hayo. Besi ilifia humo.

Hapo mpango ukaandikwa upya, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la oda za fundi. Laki moja na nusu kwa spika za mbele za inchi 6.5 zenye twita zake, vile vispika vidogo vya sauti za juu, pembeni. Elfu sitini kwa kuziba mlango. Elfu hamsini kwa waya na fyuzi. Elfu arobaini za ufundi. Spika za nyuma zikafutwa kabisa, maana dereva hakai nyuma, na spika mbili nzuri mbele zinazishinda nne mbovu kila siku.

Katika kuchagua spika, mwandishi aliacha kuuliza wati, akauliza desibeli. Spika hupimwa kwa wati moja, maikrofoni ikiwa umbali wa mita moja. Ya desibeli 92 na ya 89 zinaonekana kama ndugu, kumbe hizo 3 zina thamani ya kuongeza nguvu ya umeme maradufu. Mwenye redio ya wati 18 akichukua spika ya 92, ni sawa na mwenzake wa 89 aliyenunua wati 36.

Kazi ya mlango ilichukua asubuhi nzima, na inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndiyo isiyoonekana baadaye. Bati lilifutwa kwa thina mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Ikaja ile tepu ya lami yenye uso wa fedha, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya mabati yanayovuja, ikabandikwa kwanza kwenye bati la nje, kisha ikafunika matundu ya ndani, fundi akiikandamiza kwa mpini wa bisibisi mpaka hewa yote ikatoka. Matundu madogo ya chini, yale ya kutolea maji ya mvua, aliyaacha wazi kwa makusudi. Ukiyaziba mlango unaoza. Kikafuata kiduara cha ubao wa milimita 18 cha kukalia spika, kimepakwa rangi ya mafuta kote kwa sababu ubao ukinywa maji unavimba. Kabla ya kukaza skrubu alichukua betri ndogo ya volti 1.5, akaigusisha kwenye nyaya: spika iliporuka kuja nje alijua chanya ni ipi. Upande wa pili akafanya vilevile, maana spika moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea tena.

Mlango sasa unajifunga kwa sauti ya gari zito. Gitaa la besi la Sikinde, ambalo kwenye spika za kiwandani lilikuwa la kukisia, linasikika noti kwa noti, na redio ni ileile ya Kijapani.

Amplifaya itakuja mshahara ukiruhusu, na itakuwa iliyotumika. Mwandishi ameshajifunza kutazama fyuzi yake badala ya maandishi ya mbele: fyuzi ya ampia 30, mara volti 13.8, ni wati 414 zinazoingia, na kwa amplifaya za aina ya zamani hutoka kama nusu yake au zaidi kidogo. Waya wake tayari umelazwa chini ya zulia, upande wa kushoto. Ni wa shaba tupu, si ule wa alumini uliopakwa shaba ambao hupitisha umeme pungufu kwa kama theluthi, na fyuzi yake imefungwa karibu kabisa na betri, ili ukichubuka popote usiwashe gari moto. Waya wa RCA, ule wa kubeba sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, umepangiwa upande wa kulia, usije ukakamata mlio wa altaneta. Redio mpya imeandikwa mstari wa chini kabisa wa daftari, na bei yake bado haijajazwa.