Kunyamaza kwa simu si kukubali

Kikundi chetu cha akiba kina wanamemba Bukavu, Uvira na Kinshasa. Safari ni ya bei kali, kwa hiyo tunakutana kwa simu.

Siku mbele ya mkutano, katibu anatuma ujumbe wenye mambo mawili tu ya kuamua, pamoja na saa: saa 12 ya jioni kwetu Bukavu ni saa 11 Kinshasa. Asiyekumbushwa hivyo anachelewa. Kila mama anachaji simu yake mapema, umeme ungali upo.

Lakini jambo kubwa ni kuita majina, kama tunavyofanya sisi walimu asubuhi darasani. Kwa simu huoni uso wa mwenzako. Mwezi uliopita tulitaka kutoa akiba yote tununue mafuta ya mawese. Mama watatu walisema kwa nguvu, wengine kimya. Mwenyekiti akaita mmoja mmoja. Mjane mmoja akajibu polepole: “Feza yangu ni ya masomo ya watoto. Mafuta yakikawia kuuzwa, watafukuzwa shule.” Wengine wawili wakasema hata wao wana hofu hiyo. Tukanunua kwa nusu ya feza, nusu ikabaki katika sanduku.

Mbele ya kukata simu, katibu asome kwa sauti yaliyoamuliwa, na kila mama ajibu kwa jina lake. Mayuniti yakiisha kabla, uamuzi ungoje. Feza ya watu haitumiwi kwa kimya chao.