Saa Mbili Ipi?

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajawahi kumtuma mtoto dukani akarudi na kitu kingine? Unamwambia, "Kalete sabuni," ukiwa na maana ya sabuni ya kufulia, naye analeta ya kuogea. Unataka kumgombeza, lakini ukijiuliza vizuri unaona kosa ni lako. Hukusema sabuni gani.

Sisi yametukuta hayo, ila tuliyemtuma hakuwa mtoto.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, huku Mbagala, huwatembelea wazazi waliojifungua na kuwakumbusha siku za kliniki. Baadhi yetu ni wauguzi. Kwa miaka mingi tulitumia daftari. Kisha kijana mmoja wa kwaya akatuwekea kwenye simu msaidizi wa akili mnemba aliyeunganishwa na kalenda. Tunamwandikia kwa Kiswahili, naye anaweka miadi na kumtumia mama ujumbe.

Kijana alitueleza kwamba msaidizi huyo haioni kalenda kama tuionavyo sisi. Hupewa vifaa: cha kutafuta miadi, cha kuweka, cha kubadili na cha kufuta. Kila kifaa kina jina na maelezo yaliyoandikwa na mtu. Msaidizi huyasoma, ndipo huchagua kifaa na kujua namna ya kukijaza. Cha kuweka miadi kilielezwa hivi: "Huweka miadi kwenye kalenda." Tukaridhika.

Siku moja tuliandika kwamba mama fulani alete mtoto Jumanne saa mbili, chanjo ya surua. Kwetu, saa mbili ya kliniki ni asubuhi, wala hakuna anayeuliza. Msaidizi akaichukua kuwa saa ya Kizungu, akaandika 14:00. Mama akapata ujumbe wa saa nane mchana.

Alifika kwa wakati alioambiwa, mtoto mgongoni, kutoka Chamazi. Sasa, chanjo ya surua ni ya unga. Ikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa sita tu, na inayobaki hutupwa. Chupa moja huwatosha watoto kadhaa, ndiyo maana hukusanywa asubuhi. Saa nane shughuli ilikuwa imekwisha. Mama yule akaambiwa ni mzembe, arudi siku nyingine. Hakurudi.

Tulipomfuata nyumbani, mtoto aliyepaswa kuchanjwa akiwa na miezi 9 alikuwa na miezi 11. "Niliona aibu, mama," alituambia. "Nilidhani nimesoma vibaya." Akatoa simu, akatuonyesha ujumbe.

Tulinyamaza. Kwa miezi miwili alikuwa amebeba kosa letu. Tulimwomba radhi, na wiki hiyo hiyo tukaenda naye kliniki. Tunamshukuru Mungu mtoto hakuwa ameugua, lakini surua huua, wala haingengoja tusahihishe sentensi yetu.

Tuliketi na kijana wetu tukakumbuka somo la kwanza la uuguzi: agizo la dawa halijakamilika mpaka litaje mgonjwa, dawa, kipimo, njia na saa. Mbona kwa kalenda tulitosheka na maneno manne? Tukaandika upya:

"Huweka miadi mpya. Kitumie pale tu siku na saa zimetajwa. Zisipotajwa, uliza, usikisie. Saa tunazotaja ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00. Tusiposema asubuhi, mchana au usiku, uliza. Saa zote ni za Dar es Salaam. Kwetu 4/3 ni tarehe 4 Machi. Miadi iliyokwishawekwa ikibadilika siku, usiongeze ya pili. Tumia kifaa cha kubadili. Kwenye kichwa andika 'kliniki' tu, usitaje ugonjwa. Kabla ya kuhifadhi, turudishie jina, siku, tarehe na saa tuthibitishe."

Habari ya kutotaja ugonjwa tuliisisitiza sisi wauguzi, kwa kuwa simu ya nyumbani hushikwa na wengi, na siri ya mgonjwa ni siri.

Kisha tulimpa mama mmoja asiyejua lolote juu ya mambo haya ayasome. Kila alipouliza swali, tuliongeza neno. Yeye ndiye aliyetuuliza, "Na mkisema Jumatatu ijayo?" Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Wengine tukasema ni keshokutwa, wengine tukasema ni ya wiki inayofuata. Ikiwa sisi tuliokaa mkeka mmoja hatukuelewana, mashine ingeelewaje? Tukaongeza: "Tukisema 'ijayo', uliza tarehe."

Kijana alitueleza kuwa mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol, ambamo kila kifaa hutambulishwa kwa jina, maelezo na mambo ya kujazwa. Utaratibu huo hutenga nafasi ya maelezo. Maneno yenyewe hayana budi kuandikwa na mtu anayewajua watu wake.

Daftari letu hatujalitupa. Kila Ijumaa tunalilinganisha na kalenda. Mtoto yule atahitaji dozi ya pili akiwa na miezi 18, nasi tumekwisha kuiandika kote kuwili: saa mbili asubuhi.