Pikipiki ya Marehemu na Siku za Kustaafu

Mtumishi wa umma katika nchi yetu hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na akipenda aweza kuondoka kwa hiari tangu miaka 55. Wakati huo ukikaribia, washauri humjia kutoka kila upande. Huyu humwambia ajenge vyumba vya kupangisha, yule humhimiza anunue shamba la kahawa Mbozi, na mwingine humtaka afungue duka karibu na mpaka. Wote husemea kiinua mgongo. Ni nadra kumsikia mtu akimuuliza mstaafu: na siku zenyewe utazifanya nini?

Sisi tunaoandika haya ni watu wawili, mume na mke, wakazi wa Tunduma. Mmoja wetu alifundisha shule za msingi kwa miaka 34, na mwenzake alikuwa muuguzi. Tulistaafu tukifuatana kwa mwaka mmoja. Nyumba iliyozoea kutuona alfajiri na jioni ikaanza kutuona mchana kutwa. Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake, nazo ni afya na wasaa. Ya kwanza twaifahamu tangu ujanani, kwa kuwa maradhi hayamkawii mtu kumfundisha. Ya pili mstaafu huijua vizuri zaidi. Tumewaona wenzetu wenye nguvu zao wakikaa barazani tangu asubuhi hadi Adhuhuri bila la kufanya, kisha wakaingia ndani kugombana na wake zao juu ya chumvi ya mchuzi. Hawakuwa watu wabaya. Mikono yao ilikuwa imekosa kazi.

Kazi yetu tuliipata katika banda la kaka yetu, Allah amrehemu. Yeye alikuwa bwana shamba katika vijiji vya kahawa vya Mbozi, enzi ambazo sehemu hizi zote zilikuwa bado mkoa wa Mbeya, kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Alizunguka kwa Honda C50, pikipiki ndogo aliyoinunua mwaka 1978. Alipofariki, pikipiki ilibaki bandani chini ya magunia. Kuku wakatagia kwenye kiti chake, na injini ikakamatana kwa kutu.

Kabla ya kushika spana palikuwa na swali moja: pikipiki hii ni ya nani? Watoto wa marehemu walisema kwa moyo mweupe, "Baba mdogo, hicho ni chuma chakavu, kichukue tu." Maneno haya husemwa katika nyumba nyingi, na kwa maneno haya haya mali za mayatima na wajane hupotea bila mtu kukusudia dhulma. Kaka aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wazazi wetu walikuwa wamekwisha kutangulia. Kwa mafungu yaliyobainishwa katika Suratun Nisaa, mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ndugu wa marehemu, palipo na mtoto wa kiume, hana fungu. Sisi basi hatukuwa na haki hata ya msumari mmoja wa pikipiki ile.

Tukawaita mafundi wawili wa pikipiki, kila mmoja kwa wakati wake, wakaitathmini kama ilivyo. Mmoja alisema shilingi 200,000, mwingine 280,000. Tukachukua kati na kati, 240,000, tukamkabidhi kijana mkubwa, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Mjane akapata 30,000, watoto wa kiume 84,000 kila mmoja, na binti, aliyeolewa Sumbawanga, akatumiwa 42,000 zake kwa simu. Aliyetaka kusamehe alikuwa na uhuru wa kusamehe baada ya kulipokea fungu lake, si kabla ya kulijua. Shemeji yetu alizitazama zile noti kwa muda, akasema kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyepata kumwambia kuwa lile banda lilikuwa na kitu chake ndani.

Hapo ndipo tulipoanza kuisoma mashine yenyewe. Asili yake ni pikipiki ambayo kampuni ya Honda ya Japani iliitoa mwaka 1958 kwa jina la Super Cub, kwa fikra za Soichiro Honda, fundi, na Takeo Fujisawa, mfanyabiashara mwenzake. Walitaka chombo ambacho hata mpeleka chakula wa mjini angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, sinia la tambi likiwa katika mkono wa pili. Kwa hiyo hakuna mkono wa klachi wa kubana: klachi hujishika yenyewe injini inapoongeza kasi, na gia tatu hubadilishwa kwa mguu. Tangi la mafuta liko chini ya kiti. Cheni imefunikwa yote, na mbele kuna ngao ya plastiki inayokinga miguu dhidi ya tope na upepo. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo chombo kingine chochote chenye injini hakijaifikia. Injini ya aina hiyo ndiyo iliyotiwa pia, mwaka 1961, katika kijipikipiki cha magurudumu ya inchi 5 kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto katika bustani ya michezo karibu na Tokyo. Leo wastaafu wa Ulaya na Marekani hukitafuta na kukifufua kwa mapenzi makubwa. Wao hufufua mchezo wa utotoni. Sisi tulikuwa tukifufua chombo cha kazi. Raha ya mikono ni ile ile.

C50 ina ujazo wa sentimita za ujazo 49 tu. Tundu la silinda lina upana wa milimita 39, karibu na upana wa sarafu kubwa. Udogo huo ni rehema kwa mzee, kwani injini nzima huinuliwa na mtu mmoja na kuwekwa mezani. Siku ya kuifungua, ustadi wa muuguzi uliongoza ule wa mwalimu. Aliyezoea kupanga vifaa vya chumba cha upasuaji alitandika kitambaa cheupe, akaweka kila nati mahali pake kwa mpangilio uleule wa kutoka, na kila kundi likaandikwa jina. Aliyezoea ubao alichora michoro daftarini. Tulikuwa tumeishi pamoja zaidi ya miaka 30 bila hata mara moja kuiona kazi ya mwenzake ikifanyika.

Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Tulimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, tukaacha siku tisa, tukiongeza kidogo kila baada ya Alasiri, hadi siku moja mguu ulipokanyaga kiki nayo ikashuka. Tangi lilikuwa na kutu ndani. Tukatia kokoto safi na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu, tukamwaga, tukarudia, kisha tukaliosha na kulikausha juani. Kazi zote za mafuta tulizifanya nje, mbali na jiko, na oili chafu tuliikusanya katika dumu badala ya kuimwaga ardhini. Silinda ilikuwa imechimbika, tukaipeleka kwa fundi wa kukereza chuma jijini Mbeya, akaipanua kwa nusu milimita ipate kuikubali pistoni kubwa kidogo iliyoagizwa Dar es Salaam. Betri ilikuwa imekufa zamani, lakini jambo hilo halikutuzuia, kwa sababu katika pikipiki hii cheche ya plagi hutokana na sumaku inayozunguka ndani ya injini yenyewe.

Tairi zake ni nyembamba, za inchi 17, nazo tulizipata ng'ambo, Nakonde. Hapa kwetu mtu akinunua kitu upande wa Zambia, hatakosa rafiki wa kumwonesha njia ya panya. Tulipita Kituo cha Huduma kwa Pamoja, tukatangaza tulichobeba, tukalipa tulichotakiwa kulipa. Chombo tulichokigawa mirathi hadi shilingi ya mwisho hatukuona vema kukivalisha tairi za magendo.

Si kila mtu nyumbani alifurahi. Binti yetu wa kwanza alikuja likizo, akaiona injini juu ya meza, akasema kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Baba, mama, wajukuu wenu wanadaiwa michango ya shule, nanyi mnanunulia pistoni chuma cha marehemu?" Swali lile lilikuwa la haki, na mzee akiulizwa swali la haki hana budi kujibu. Tukamfungulia daftari. Tangu mwanzo tulikuwa tumeweka mipaka mitatu. Kiinua mgongo hakiguswi. Kila mwezi hutolewa shilingi 40,000 katika pensheni, na zikiisha, kazi husimama hadi mwezi ujao. Tena, palipo na mgonjwa au ada inayodaiwa katika ukoo, fungu la mwezi huo huenda huko kwanza. Miezi mitatu kati ya ile 14 ya kazi ilikuwa mitupu kwa sababu hiyo. Jumla tulitumia 440,000 kwa matengenezo, ukiacha bei ya kuinunua. Binti aliisoma hesabu, akakaa kimya. Kesho yake alituomba msasa, akasugua rimu ya nyuma hadi Magharibi.

Jambo hili twapenda wasomaji wenye wazazi wastaafu walitafakari. Israfu si kutumia fedha katika jambo ambalo vijana hawalioni faida yake. Israfu ni kuvuka mpaka. Mzee aliyejiwekea mpaka na kuuheshimu ana haki ya kupumzisha nafsi yake kwa kazi ya halali, kama alivyo na haki ya chai yake ya jioni.

Faida nyingine hatukuitarajia. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha mtaani, wenye Boxer na TVS zao za nguvu mara tatu ya kitu chetu, walianza kwa kucheka. Kisha wakaanza kusimama. Mmoja alituletea kipimo cha bati nyembamba cha kupimia mwanya wa vali, ambao katika injini hii ni milimita 0.05, unene wa karatasi nyembamba. Wao walitufundisha mapya, nasi tukawaonesha faida ya kubadili oili kabla haijawa lami. Adhana ilipoadhiniwa kazi ilisimama, na baadhi yao wakawa wakinawa mikono kwenye ndoo yetu tukaenda msikitini pamoja. Hatukumhubiria mtu. Lakini kijana anayekaa na mzee saa mbili juu ya kabureta, mwishowe huuliza pia habari za kuoa, za deni, na za baba aliyeacha kuzungumza naye.

Ilipowaka, Alhamdulillah, sauti yake ilikuwa ndogo na ya utulivu, kama cherehani ya jirani. Hatuipeleki barabara kuu ya Zambia, ambako malori hupanga foleni kuelekea mpakani, kwa kuwa mwendo wake hauzidi sana kilomita 50 kwa saa. Kwanza tulikamilisha kadi na bima. Kisha, asubuhi moja ya baridi ya Julai, mmoja wetu akivaa kofia ngumu na mwenzake akifuata nyuma kwa bajaji, tuliipeleka kwa shemeji. Aliisikia kabla ya kuiona. Alitoka mlangoni, akasema kwamba kwa sauti ile ndivyo alivyojua kila jioni kuwa ni wakati wa kuteleka ugali.

Sasa imekaa nyumbani kwetu, na imeandikwa katika daftari la mali zetu, pamoja na tarehe, bei na jina la mwenye kuimiliki, kila kitu kwa ukamilifu. Wosia wetu kwa watoto ni mfupi. Siku tutakapoondoka, msiiache chini ya magunia, wala asiichukue mmoja wenu kwa kuwa eti ni chakavu. Mwiteni fundi, mpeni kila mtu fungu lake. Kisha anayeitaka ainunue, abadili oili, aiendeshe.