Kuvuka barabara kwenda baharini

Tangu turudi, wengi mmeniuliza vakansi yetu ya Dar es Salaam ilikuwa namna gani. Bahari ni nzuri, na watoto bado wanaiota usiku. Lakini leo nataka kuwaelezea barabara tuliyoivuka kwenda baharini, kwa sababu nusura iniachie kilio.

Yaya wangu anauza vitenge, na mara nyingi anasafiri Dar kuleta bizaa. Mwaka huu akasema, tuchange feza twende na watoto. Tukatoka Lubumbashi kwa basi. Tulipopita Kasumbalesa na kuingia Zambia, magari yalibadili upande. Kwetu yanatembea kuume. Zambia na Tanzania yanatembea kushoto. Watoto wakapiga kelele: "Mama, dereva amekosea njia!" Tukacheka wote, na mimi sikufikiri zaidi.

Dar tulipanga nyumba ndogo kwa juma moja, karibu na Coco Beach. Kutoka mlangoni unasikia mawimbi. Kati yetu na mchanga kulikuwa na barabara moja tu, Toure Drive. Tulifika Jumamosi, na mwisho wa juma watu wengi wa mji wanakwenda pale kupumzika na kula mihogo ya kukaanga. Gari, pikipiki na bajaji zilifuatana bila kuachana.

Mimi ni mwalimu. Nina diploma ya pedagojia, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika darasa la pili. Kila mwanzo wa masomo nafundisha watoto: simama, angalia kushoto, angalia kuume, tena kushoto, kisha vuka. Wanaimba vizuri sana. Binti yangu wa miaka saba alijifunza wimbo huo kwangu mwenyewe.

Yaya alitangulia kuvuka. Akageuka, akanyoosha mkono, akaita: "Njooni!" Mimi nilikuwa nimebeba mdogo mgongoni na mfuko wa chakula mkononi. Binti akasimama kama nilivyomfundisha. Akaangalia kushoto: hakuna kitu. Akatia mguu barabarani huku akigeuza kichwa, na bajaji ilikuwa imefika, ikitokea kuume. Mama mmoja mwenye beseni ya karanga alimshika gauni na kumvuta. Bajaji ikapita.

Yule mama akaniambia, "Dada, huku anza kulia." Kulia ndiyo kuume kwetu. Nilimshukuru kwa sauti iliyotetemeka. Binti akaniangalia, machozi yakimtoka: "Mama, nilifanya vile ulitufundisha."

Siku ile hatukufika baharini. Tulirudi nyumbani, na usiku nilikosa usingizi. Mtoto hakukosea kitu. Wimbo wangu ulikuwa jibu la barabara ya kwetu tu, na mimi sikuwahi kuwaeleza watoto kwa nini tunaanza kushoto. Tunaanza kushoto kwa sababu gari la kwanza kutufikia linatoka huko. Pale Dar linatoka kuume.

Kesho yake, kabla ya kuvuka, tulisimama kando ya barabara na watoto muda mrefu. Niliwauliza: gari la kwanza kutufikia linatoka wapi? Wakajionea wenyewe. Tukapatana pia mambo mengine. Mtu mzima asiite mtoto kutoka ng'ambo, maana mtoto akiitwa anakimbia. Tusivuke nyuma ya gari lililosimama. Kila mtoto ashikwe mkono, na mizigo ibebwe na wakubwa. Na jioni tuongeze uangalifu: wakati wa kurudi watoto wamechoka, miguu ina mchanga, na jua linatupiga machoni, kwa sababu pale bahari iko mashariki na nyumba ziko magharibi. Kwa namna hiyo tulivuka siku zote zilizobaki, na binti yangu akajifunza kuelea.

Wengi wetu tunasafiri na watoto kwa biashara ama kwa ndoa za wandugu. Kumbukeni: Rwanda na Burundi magari yanatembea kuume kama kwetu. Zambia, Tanzania, Uganda na Kenya yanatembea kushoto. Waambieni watoto mapema, msingoje kufika.

Hata hapa kwetu wimbo peke yake hautoshi, kwa kuwa mnajua pikipiki zetu zinaweza kutokea upande wowote. Masomo yalipofunguliwa, nilitoa darasa langu nje hadi kando ya barabara. Hatukuimba. Kila mtoto alinionyesha kwa kidole gari linatoka wapi. Watano walionyesha upande usio wake, na wote watano walikuwa wanaujua wimbo kwa moyo.

Juma hili, mama, msindikize mwanao hadi barabara anayoivuka kila siku, umuulize swali hilo hilo. Usimsaidie kujibu.

Mwalimu wenu wa darasa la pili