Holi, Sikukuu ya Moto na Rangi

Wazee wetu wa pwani walituachia mithali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Mithali hiyo huniudhi kidogo kila niisikiapo, kwa kuwa yaonyesha jinsi tulivyoishi na jirani huyu. Viatu vyake twavijua, na nguo na sukari za duka lake twazijua, lakini mambo anayoyaheshimu moyoni hatukupata kuyauliza. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901, na wafanya biashara wa Kihindi walikuwapo pwani zamani kabla yao. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Basi yafaa tuzijue walau sikukuu zao.

Kwanza tusichanganye maneno. Mhindi ni mtu wa Bara Hindi, awe Mwislamu, Kalasinga, Mkristo au mwingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Holi ni sikukuu ya Wahindu, nayo huangukia siku ya mwezi mpevu wa Phalguna, yaani mwishoni mwa Februari au katika Machi. Sisi wakati huo twatazama mawingu tukingoja mvua ya masika. Kaskazini mwa Bara Hindi baridi imekwisha, na ngano yakaribia kuvunwa.

Nilipokuwa karani katika duka la mzee mmoja wa Kigujarati, nilimwuliza sababu ya moto mkubwa uwashwao usiku wa Holi. Alinisimulia hivi. Hapo kale palikuwa na mfalme jabari, jina lake Hiranyakashipu, aliyepewa ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje, ardhini wala angani. Akatakabari, akaamuru watu wamwabudu yeye. Mwanawe Prahlada akakataa, akashikamana na Mungu wake, Vishnu. Ndipo Holika, shangazi wa mtoto, ambaye moto haukuweza kumdhuru, akampakata Prahlada na kuketi naye katikati ya moto. Holika akateketea, mtoto akatoka salama. Mwishowe Vishnu akatokea kwa umbo la nusu mtu nusu simba, akamkamata mfalme wakati wa magharibi, juu ya kizingiti cha mlango, akamlaza mapajani mwake na kumrarua kwa kucha. Ahadi haikuvunjwa hata neno moja, na jabari akafa.

"Bwana Karani," akaniambia mzee, "mtoto yule hakuwa na silaha."

Kwa hiyo Wagujarati huuzunguka moto huo, hutupa nazi ndani yake, na waliojaliwa mtoto mchanga humbeba wakizunguka naye. Vyakula vyao ni tende, dengu na bisi za mtama. Mkulima akisikia hayo atatambua upesi kwamba sikukuu hii ilizaliwa shambani.

Kesho yake ni siku ya rangi. Yasemwa kwamba Krishna, aliyekuwa na ngozi nyeusi ya samawati, alimlalamikia mama yake kwa kuwa mpenzi wake Radha alikuwa mweupe. Mama akamwambia aende akampake Radha usoni rangi aitakayo. Tangu hapo watu hupakana unga wa rangi na kumwagiana maji, tajiri kwa maskini. Katika kijiji cha Barsana, kwao Radha, wanawake huwapiga wanaume kwa fimbo ndefu, na wanaume hujikinga kwa ngao, wala hawaruhusiwi kulipiza! Zamani rangi ilitoka katika manjano na maua ya mti uitwao palash. Siku hizi nyingi hutengenezwa viwandani, na nyingine hudhuru macho na ngozi.

Lakini katika furaha hiyo walikuwapo watu walioachwa mlangoni. Katika mji wa Vrindavan, karibu na Mathura, wanaishi wajane wengi sana, baadhi yao waliokataliwa na jamaa zao. Desturi iliwataka wavae nguo nyeupe na wasiguse rangi mpaka kufa. Mwaka 2013 wajane hao walianza kucheza Holi kwa pamoja, wakarushiana unga mwekundu na maua. Na mwaka 2016 waliicheza ndani ya hekalu la kale la Gopinath. Wako waliochukizwa. Hata hivyo, mbingu hazikuanguka, na Holi ni Holi hata leo.

Sisi husema, "Mwacha mila ni mtumwa," nami naikubali mithali hiyo. Ila nawaomba wasomaji waangalie: wajane wale hawakuiacha mila, bali waliingia ndani yake kwa mlango uliokuwa umefungwa. Sikukuu inayomsifu mtoto mnyonge aliyeokoka motoni haikuwa na haki ya kumfukuza mnyonge mwingine. Katika vijiji vyetu pia wako wajane wanaonyimwa shamba na kiti barazani kwa jina la mila. Kabla ya kuwacheka Wahindu kwa rangi zao, na tuitazame milango yetu wenyewe, tuone ni nani amesimama nje.