Picha Moja, Dhulma Ngapi?



Ndugu zangu, kijana mmoja wa hapa Mpendae, ambaye nilimsomesha madrasa, sasa anatembeza wageni. Ijumaa baada ya sala alinijia na suali zito. "Maalim, mgeni anataka nimvute kima kwa ndizi, apige naye picha karibu kabisa. Atanipa dola ishirini. Nikikataa anamtafuta mwengine. Rizki yangu si inapotea?"

Nami napenda kupiga picha za ndege na wanyama, na Jozani nimeingia mara nyingi na simu yangu. Kwa hiyo suali lile lilinigusa. Nikamjibu hivi, na nanyi mzingatie.

Kwanza: wanazuoni wamekhitalifiana juu ya picha ya kamera. Wapo walioizuia, na wapo walioiruhusu kwa hoja kwamba kamera hunasa kivuli cha alichokiumba Allah, haiumbi. Mimi nafuata walioruhusu. Lakini ruhusa ya picha si ruhusa ya dhulma njiani kuelekea kwenye picha.

Pili: mjue unayempiga picha. Kima punju asili yake ni Unguja peke yake, ulimwengu mzima. Hesabu iliyotangazwa miaka ya karibuni ni zaidi ya 5,800 tu. Wazee walimwita punju, yaani sumu, wakiamini anaua miti. Masikini, yeye anakula majani. Tumbo lake limeumbwa kuyachachusha, na matunda matamu yaliyoiva humvuruga. Hula hata makaa, na watafiti wanasema makaa humsaidia na sumu iliyomo katika majani ya mkungu na mwembe. Subhanallah! Nani aliyemfundisha dawa hiyo?

Ukimzoesha ndizi, unamshusha barabarani. Barabara ya kusini inapita pale pale msituni, na matuta yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua. Mafua yako nayo yanaweza kumwambukiza.

Tatu: katika Sunan Abi Daud, Ibn Mas'ud anasimulia kwamba Masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume ﷺ akauliza nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warejeshwe. Zingatieni: hawakuwachinja. Uchungu wa mama tu ulitosha kutolewa amri. Basi wewe unayekunja matawi ili kiota kionekane vizuri kwenye simu, jipime hapo. Na Surat Al-An'am, aya ya 38, inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi.

Nne: rizki. Sikumdanganya. Mgeni yule anaweza kweli kwenda kwa mwengine, na dola ishirini si kitu kidogo kwa nyumba yenye watoto. Lakini kima yule ndiye anayewaleta wageni wote. Ukimharibu, umekula mbegu, na njaa yake itawafika wenzako wote wanaotembeza. Mchuma janga hula na wa kwao.

Nikampa na njia. Mwambie mgeni akae chini, anyamaze, azime mwanga wa kamera, jua liwe mgongoni kwake. Asubiri. Kima akishatulia, huendelea kula na kumpakata mtoto wake kama hakuna mtu. Picha ya namna hiyo ina uhai, ile ya ndizi ina tamaa tu. Uza subira yako, hiyo ni kazi halali na ina bei.

Na sisi tunaotazama tuna sehemu yetu. Kila unapoipenda na kuisambaza picha ya kima begani mwa mtu, unamlipa aliyefanya hivyo. Kabla ya kubonyeza, jiulize ilipatikanaje.

Ewe Allah, tupe macho yanayotazama viumbe vyako kwa huruma, na wafungulie vijana wetu milango ya rizki ya halali. Amin.

Wallahu a'lam.